Sheria, sukari na hamira: bia nyeusi za watawa wa Ubelgiji

Ukiona chupa ya bia ya Ubelgiji imechorwa mtawa mnene, mashavu mekundu, joho la kahawia, kikombe kinachofurika povu mkononi, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna mtawa aliyewahi kuisogelea bia hiyo. Watawa wenyewe hawana mazoea ya kujichora. Kwa miongo mingi bia ya Westvleteren, ambayo wapenzi wa bia wanaisaka kuliko zote, iliuzwa katika chupa isiyo na lebo kabisa. Ilikuwa glasi ya kahawia tupu, na mengine yote yaliandikwa kwenye kizibo: cha njano ni namba 12, cha buluu ni namba 8, cha kijani ni ile nyepesi.

Naanzia kwenye lebo kwa sababu hapo ndipo wengi tunapouziwa hadithi. Tunaambiwa kwamba nyuma ya kuta za mawe kuna siri ya Zama za Kati, mapishi yaliyoandikwa kwa kalamu ya unyoya na kurithishwa kimya kimya kutoka kwa mzee hadi kijana. Ni hadithi nzuri, na inauza. Lakini bia hizi nyeusi, nzito kwa kilevi na zenye utamu wa matunda makavu, kwa kiasi kikubwa ni za karne ya 20. Zimezaliwa na mwanasiasa mmoja msoshalisti, viwanda vya sukari na profesa mwenye darubini. Kwa maoni yangu, hadithi hiyo ni tamu zaidi, na anayeijua huonja vizuri zaidi.

Watawa wa bia hizi ni Watrapisti, tawi kali la wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Jina lao linatokana na monasteri ya La Trappe huko Normandy, Ufaransa, ambako mageuzi yao yalianza mwaka 1664. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza, wakatawanyika, na baadhi yao wakatua Westmalle, karibu na Antwerp, mwaka 1794. Kanuni yao inawataka waishi kwa kazi ya mikono yao. Msomaji aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda, kwa Wabenediktini wa kusini mwa Tanzania, hahitaji maelezo marefu: ameziona karakana, mashamba na mitambo ya kuchapa vitabu. Huko Westmalle kazi mojawapo ikawa bia, kuanzia mwaka 1836, na mwanzoni ilikuwa kinywaji cha mezani cha watawa wenyewe. Watawa wa Chimay walianza mwaka 1862.

Vita Kuu ya Kwanza ikapita humo kama tingatinga. Wajerumani walihitaji shaba, na mitambo ya kupikia bia ni shaba tupu, kwa hiyo monasteri nyingi zilibaki na majengo bila vyombo. Mapokeo yasiyokatika yanayotangazwa kwenye lebo yalikatika hapo, waziwazi.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 29 Agosti 1919 Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria iliyopewa jina la Emile Vandervelde, waziri wa sheria na mpinzani mkubwa wa ulevi. Ilipiga marufuku kuuza pombe kali kwenye baa na mikahawa, na dukani mtu hakuruhusiwa kununua chini ya lita mbili kwa mara moja. Hesabu ilikuwa rahisi: mfanyakazi wa kiwandani hawezi kumudu lita mbili za jini, basi ataacha. Hakuacha. Koo iliyozoea jini iligeukia bia, na ikataka bia yenye nguvu. Watengenezaji wakaitikia, na watawa, waliokuwa wanahitaji fedha za kujenga upya, nao wakaitikia. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1983. Sijui kama kuna sheria nyingine ya kupambana na ulevi iliyowapa walevi zawadi nono namna hiyo.

Mwaka 1926 Westmalle waliibadilisha bia yao ya kahawia na kuiongezea nguvu. Ndiyo inayoitwa Dubbel hadi leo, yenye kilevi cha asilimia 7, na ndiyo kipimo ambacho dubbel nyingine zote hulinganishwa nacho. Mwaka huohuo, upande wa pili wa himaya, kiwanda cha Wabelgiji kule Léopoldville kilitoa chupa za kwanza za Primus. Kongo ilipelekewa lager, bia ya njano ya kunywewa baridi kwa chupa kubwa, na ndiyo iliyosambaa pande zetu. Hizi nyeusi zilibaki kwao.

Chimay wana kisa kingine. Baada ya Vita ya Pili mtawa mmoja, Padre Théodore, alishirikiana na Jean De Clerck, profesa wa Leuven aliyekuwa bingwa wa sayansi ya bia. Padre alitenga aina ya hamira iliyofaa, wakaikuza, na kutokana nayo ikatoka bia ya Krismasi ambayo leo ni Chimay ya buluu, asilimia 9. De Clerck alipofariki alizikwa kwenye makaburi ya Scourmont, monasteri ya Chimay, miongoni mwa watawa. Kwa hiyo bia hii inayosemekana kuwa ya kale ni rika la bibi na babu zetu ambao bado wako hai na wanatukumbusha kufunga mlango.

Sasa tuingie ndani ya chupa.

Mnywaji wa Afrika Mashariki anapoona bia nyeusi akili yake inakimbilia stauti: Guinness, uchungu wa shayiri iliyochomwa, ladha ya kahawa na mkaa. Hapa anapotea. Weusi wa bia za watawa hautokani sana na kimea kilichoungua. Unatokana na sukari. Napoleon alipokatiwa sukari ya miwa na Waingereza, Ulaya iligeukia kilimo cha viazisukari, na Ubelgiji ikawa miongoni mwa nchi zilizokishika vizuri. Sukari hiyo hupikwa hadi iwe shira nyeusi, wenyewe wanaiita kandi, kisha humiminwa kwenye sufuria la bia. Ukiisogeza karibu na pua unapata tende, zabibu kavu, na ule uchungu mdogo wa sukari iliyoanza kuungua chini ya sufuria.

Kazi ya pili ya sukari hiyo haionekani kwa macho. Sukari ya kimea ina sehemu ambayo hamira haiwezi kuila, na hiyo ndiyo inayoipa bia uzito mdomoni. Ya kandi huliwa karibu yote. Inaongeza kilevi lakini haiongezi uzito. Ndiyo maana Rochefort 10, bia ya watawa wa Rochefort yenye asilimia 11.3, haikai mdomoni kama uji. Inateleza. Na hapo pana mtego unaohitaji hesabu. Chupa ndogo ya mililita 330 ya Rochefort 10 ina takriban mililita 37 za kilevi halisi. Chupa kubwa ya nusu lita ya lager ya asilimia 5 ina 25. Kachupa kale kadogo, basi, ni sawa na bia kubwa moja na nusu. Mtu anayeagiza tatu kwa sababu zinaonekana ndogo asilaumu watawa kesho yake asubuhi, na usiku huo asiguse usukani.

Kuhusu namba hizo: 6, 8, 10, 12 si asilimia za kilevi. Zinatokana na kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hamira haijatiwa. Rochefort 6 ina asilimia 7.5, ya 8 ina 9.2, na Westvleteren 12 ina 10.2.

Lakini bingwa wa kazi yote hii ni hamira. Lager huchachuka kwa baridi, polepole, na hamira yake inajiheshimu, haiachi harufu nyingi. Hamira za watawa huachwa zifanye kazi kwenye joto la nyuzi 20 na zaidi, na kwenye joto hilo hazinyamazi. Zinatoa harufu ya ndizi mbivu na peasi, na zinatoa kitu kingine ambacho mtu wa Pemba angekitambua akiwa amefumba macho: karafuu. Hakuna karafuu hata punje moja kwenye sufuria. Kemikali ambayo hamira inaizalisha kutokana na kimea ni ndugu wa ile inayoipa karafuu yenyewe harufu yake, na pua haiwezi kuwatenganisha ndugu hao kwa urahisi. Ninavyoona mimi, mnywaji wa mwambao anaanza akiwa mbele. Vitabu vya Kizungu vinawafundisha wasomaji wao kwa taabu kutafuta karafuu, pilipili manga na tende kwenye bilauri. Kwetu hizo ni harufu za jikoni mwa mama.

Hamira haiishii kiwandani. Bia ikiingizwa kwenye chupa hutiwa sukari kidogo na hamira mbichi, halafu chupa hukaa kwenye chumba chenye joto ili ichachuke mara ya pili. Gesi yote hutokea humo, ndiyo maana povu lake ni laini na zito, si povu la kelele la soda. Mashapo yanayokaa chini ni hamira hiyohiyo ikiwa imemaliza kazi. Si uchafu, wala bia haijaharibika.

Mgahawa mmoja wa Brussels, hatua chache kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles, ulikuwa na mhudumu aliyetokea Bukavu. Niliagiza Rochefort 10 na kuinua chupa nijimiminie haraka kama nilivyozoea. Akaushika mkono wangu ukiwa hewani.

"Polepole, mukubwa. Iyi banakunywaka polepole. Haiko Primus."

Akaichukua chupa, akaiinamisha bilauri, akamimina kwa mkondo mwembamba bila kusimama, akainyanyua taratibu povu lilipoanza kupanda, na akasimama pale mashapo yalipokaribia shingo. Chupa ikabaki na kidole kimoja cha bia chini. Bilauri yenyewe ilikuwa ya mdomo mpana na shina nene, sura ya kalisi ya altareni. Hiyo si mapambo: mdomo mpana unaipa harufu nafasi na unamlazimu mtu kuinamisha pua kabla ya midomo. Kisha akaniambia nisubiri. Chupa ilikuwa imetoka kwenye ubaridi wa ghala, si kwenye barafu, na bado aliona ni baridi mno.

Povu lilikuwa rangi ya maziwa yenye kahawa kidogo. Chini yake bia ilikuwa kahawia iliyokolea hadi kukaribia nyeusi, lakini nilipoielekeza kwenye taa, ukingoni ikatoa wekundu. Pua ya kwanza ilikuwa tende na zabibu. Baada ya muda ikaja chokoleti, halafu ngozi ya chungwa, na nyuma kabisa pilipili manga. Rochefort hutia giligilani kidogo, lakini ni kidogo hasa, na anayedai anaisikia wazi huenda ameisoma mahali. Funda la kwanza linaanza kwa utamu, na ulimi unajiandaa kwa shira. Shira haiji. Bia inakauka katikati ya mdomo, gesi inaupangusa ulimi, kisha joto la kilevi linashuka kifuani taratibu. Hapo ndipo nilipoelewa ubaridi unavyoua bia hii. Ikiwa ya baridi sana ni tamu na kali tu, ladha mbili zinazogombana. Ikifika nyuzi 12 au 14 mengine yote yanajitokeza. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, toa chupa kwenye friji dakika ishirini hivi kabla ya kuifungua. Joto letu litamaliza kazi.

Mashapo yaliyobaki mhudumu aliyaleta kando kwenye kibilauri kidogo. Wengine huyanywa, wengine huyaacha. Yana ladha ya mkate mbichi. Mimi huyaacha.

Chakula? Wabelgiji wa upande wa Flanders hupika nyama ya ng'ombe ndani ya bia nyeusi kwa saa kadhaa, pamoja na vitunguu vingi na kipande cha mkate kilichopakwa haradali ambacho huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Wakati wa kula hunywa bia ileile iliyoingia sufuriani. Jibini pia, na Chimay hutengeneza zao tangu mwaka 1876. Kwa nyama choma, Westmalle Dubbel inafaa kuliko zenzake zenye kilevi zaidi, kwa sababu ni kavu na haipigani na chumvi. Samaki wa nazi nisingempa yoyote kati ya hizi.

Suala la nani ana haki ya kujiita nani limefika hadi mahakamani. Mwaka 1962 mahakama ya biashara ya Ghent iliamua kwamba jina Trapisti ni la watawa Watrapisti peke yao, si la kila kiwanda kinachopenda kuchora joho. Mwaka 1997 monasteri zikaunda chama chao cha kimataifa na alama ya pembe sita. Ili bidhaa ipate alama hiyo sharti itengenezwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa, na faida iende kwenye mahitaji ya monasteri na misaada. Kwa Ubelgiji leo wenye alama hiyo kwenye bia ni watano: Westmalle, Westvleteren, Chimay, Rochefort na Orval. Achel waliipoteza mwaka 2021 walipoondoka watawa wa mwisho. Bia haikubadilika siku hiyo, alama ndiyo iliondoka.

Mtu asifikirie kwamba ni watawa wanaobeba magunia. Wengi wa wafanyakazi ni walei, watu wa vijiji vya jirani wenye mishahara na likizo. Bia ya Chimay hupikwa monasterini, lakini hubebwa kwa magari hadi kiwanda cha Baileux kilichoko nje na kujazwa kwenye chupa huko. Sioni ubaya wowote. Ila inapunguza uvumba kwenye hadithi.

Zilizobaki huitwa bia za abasia. Leffe ni mfano maarufu: mwaka 1952 watawa wa Leffe, mjini Dinant, walikubaliana na mtengenezaji wa nje atumie jina lao na kuwalipa, na leo jina hilo liko mikononi mwa AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Leffe ya kahawia ni tamu kupita kiasi kwa ulimi wangu, na huisha mdomoni kabla haijasema kitu. Maredsous, inayopikwa na Duvel Moortgat tangu mwaka 1963, ni nzuri kweli. Neno abasia halikuahidi ubora wala kuuzuia, kwa hiyo onja kwanza.

Watrapisti wenyewe walifika pande zetu, ingawa bia yao haikufika nao. Scourmont, monasteri ya Chimay, ilianzisha Mokoto, huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1954, na mauaji ya mwaka 1996 yaliwakimbiza watawa. Koningshoeven ya Uholanzi, inayopika bia ya La Trappe, ilianzisha monasteri Kenya mwaka 1956, huko Lumbwa ambako sasa ni Kipkelion. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 zilipozuka, waliokimbia makwao walipata hifadhi humo, na baadaye jumuiya hiyo ikahamia Kutamba, Uganda. Huku kwetu kazi ya mikono ilikuwa shamba na ng'ombe.

Tumalizie na Westvleteren, maana kila mazungumzo ya bia hizi huishia hapo. Mwaka 2005 wapenzi wa bia kwenye mtandao wa RateBeer waliichagua namba 12 kuwa bia bora duniani. Barabara za kijiji hicho, katika nchi ya mashamba ya hopsi karibu na Poperinge, zikajaa magari. Mfanyabiashara wa kawaida angeongeza mitambo. Watawa hawakuongeza. Wanapika kama hektolita 6,000 kwa mwaka, yaani lita 600,000, kiasi ambacho kiwanda kikubwa hukimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wakaweka simu ya kuagizia, wakadai namba ya gari, wakapunguza kreti kwa kila mteja, na wakamtaka anayenunua aahidi kutoiuza tena. Mwaka 2019 simu ikabadilishwa kuwa duka la mtandaoni. Mara moja walilegeza: walipohitaji fedha za kukarabati majengo waliruhusu kiasi kiuzwe kwenye maduka makubwa ya Ubelgiji mwaka 2011, na Desemba 2012 kikafika Marekani. Jengo lilipokamilika, mlango ukafungwa. Mwaka 2018 duka kuu moja la Uholanzi lilipouza chupa kwa karibu euro 10, watawa walilalamika hadharani, kwani langoni kwao wakati huo bei haikufika hata euro 2.

Ni bia nzuri sana. Ina kina cha Rochefort 10, ila imetulia zaidi. Lakini bora duniani? Sehemu ya ladha yake ni foleni. Kati ya mwaka 1946 na 1992 watawa walikipa kiwanda kimoja cha kijiji cha Watou, kilomita chache tu kutoka kwao, leseni ya kupika bia zao kwa ajili ya soko. Leseni ilipokwisha, kiwanda kikaendelea na St. Bernardus Abt 12, asilimia 10, inayopatikana dukani bila simu wala namba ya gari. Kwenye lebo yake kuna mtawa mnene anayetabasamu. Nunua hiyo. Akitokea mtu akuambie tofauti yake na ile ya kizibo cha njano ni kama mbingu na ardhi, mfunge kitambaa machoni, mpe bilauri mbili, usubiri jibu.